Wimbo Uliotangulia Barua

Ijumaa, tarehe tisa Mei. Asubuhi kulikuwa na jua la kudanganya. Saa nane mvua ya mawe ikatupiga kama dakika kumi hivi, na majani ya chai yakabaki yametoboka kama chujio. Hakuna kuchuna mpaka yachipuke upya. Kwa hiyo leo nina muda wa kuandika, na kuna jambo nataka kuliandika likiwa bado linanichekesha, maana wiki mbili zilizopita halikunichekesha hata kidogo.

Kwanza niseme ukweli: mimi niliishia darasa la nane. Msomi wa nyumba hii ni mke wangu. Alianza akiwa mwalimu wa shule ya msingi huku Bomet, akasoma likizo baada ya likizo, watoto wakilala mgongoni, na sasa ni mwaka wa kumi na moja anafundisha saikolojia ya elimu katika chuo kikuu upande wa Kericho. Kwa lugha yangu, anawaeleza walimu wa kesho kwa nini mtoto mmoja anataka kusoma na mwingine anataka tu kengele ilie. Hiyo anaiita motisha. Huenda sijaeleza sawa. Yeye angechukua saa mbili.

Mimi pia nimo ndani ya somo hilo, ingawa wanafunzi hawajui. Mwaka fulani niliwaambia wachunaji wangu kwamba atakayefikisha kilo nyingi kuliko wenzake nitampa pakiti mbili za sukari. Walichuna ajabu. Badala ya majani mawili na chipukizi, walichuna la tatu, la nne, na vijiti juu yake. Karani wa kituo cha majani, jamaa aliyetoka upande wa ziwa, alimwaga gunia langu mezani akaniuliza, "Shemeji, hii ni chai ama umekata ua ya boma?" Gunia zima likarudi nyumbani. Tangu siku hiyo, kila muhula mke wangu analisimulia darasa habari za "mkulima mmoja." Nilipolalamika aliniambia nishukuru hakutaja kijiji. Na wachunaji sikuwalaumu. Niliomba kilo, wakanipa kilo.

Sasa nije kwa lenyewe. Mwezi uliopita mke wangu aliitwa mahojiano ya kupandishwa cheo awe mhadhiri mwandamizi. Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza walisema maandishi yake ni machache. Mara ya pili walichukua mwingine, ambaye mke wangu mwenyewe anasema alistahili. Safari hii aliniambia jikoni, akimenya viazi, "Nikikosa hii siombi tena. Nitafundisha tu mpaka nistaafu, na mtu asiniulize motisha yangu iko wapi."

Hilo lilinikaa. Mtu anayefundisha wengine wasikate tamaa alikuwa anaikata yake polepole, pamoja na maganda. Nikafikiri nifanye kitu. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa mpaka sasa sijui kama kosa lilikuwa kufikiri au kufanya.

Kwetu mtu akirudi na ushindi, uwe wa mbio au wa mtihani, hupokewa kwa mursik, yale maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Hayaivi siku moja. Yanataka wiki. Nikapiga hesabu: mahojiano ni Alhamisi, basi nianze Alhamisi ya kabla yake. Nilimwomba mama yangu, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, anipe kibuyu chake kikubwa. Kisha nikaenda kwa jirani kuomba vijiti vya mti wa senetwet vya kuchoma mkaa wa kusugulia kibuyu. Jirani huyu ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa, na sauti yake huvuka bonde bila simu.

"Vya nini, baba?"

"Vya mursik ya Mwalimu," nikasema, maana ndivyo kijiji kizima kinavyomwita mke wangu.

Sikusema zaidi, naye hakuuliza zaidi. Kati yetu wawili hakuna aliyesema uongo. Lakini huku kwetu hakuna mtu anayelaza mursik ya labda. Kibuyu kikishasuguliwa, ushindi umeshaingia ndani ya boma. Hilo nalijua tangu utotoni, na bado nilisahau.

Kufikia Jumanne karani alinishika mkono mbele ya watu. "Shemeji, hongera! Sasa wewe ni bwana ya Profesa. Utakuwa ukipimiwa majani ukikaa kwa kiti."

"Bado, bwana. Bado hawajamhoji hata."

"Watu wa hapa mnajua kujificha!" Akacheka. Nami nikacheka, na huko kucheka ndiko nitakakoulizwa siku ya mwisho.

Jumatano jioni, siku moja kabla ya mahojiano, mke wangu alirudi kutoka chuoni amekumbatia mafaili, akakuta akina mama kama ishirini wanaimba uani. Ulikuwa ule wimbo wa kumpokea aliyekwenda mbali akashinda. Kabla hajaweka mafaili chini, jirani alikuwa ameshamvika shingoni sinendet, ule mmea wa kutambaa wanaovishwa washindi. Kogo akatokea na kibuyu.

"Mwalimu, kunywa."

"Kogo, hii ni ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi gani?"

"Kunywa kwanza. Maswali ni ya shule."

Hakuna mke wa boma hili aliyewahi kukataa kibuyu kikiwa mikononi mwa Kogo. Alikunywa. Akabaki na masharubu ya kijivu, vigelegele vikapigwa, na akaniangalia juu ya kibuyu kwa macho ambayo sitayaandika hapa.

Walipoondoka walikuwa wamemaliza mursik yote na chai sufuria mbili. Mke wangu aliketi kwenye stuli ya kukamulia, majani bado yako shingoni.

"Nani alisema nimepata?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi walisikia wapi?"

"Kwa vijiti."

Nilimweleza yote. Alisikiliza kama anavyowasikiliza wanafunzi waliochelewa kuleta kazi, bila kunikatiza, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Miaka kumi na moja nawaambia, usimsifu mtoto kwa hesabu ambayo hajafanya," alisema. "Unamtwika mzigo, si sifa. Sasa nikikosa kesho nitarudi nikipitia wapi? Kwa shamba ya watu, kama mwizi wa mahindi?"

"Nitawaambia ukweli."

"Uwaambie. Wewe, si mimi."

Alhamisi asubuhi, yeye akiwa njiani kwenda kuulizwa, nilisimama kwenye kituo cha majani mbele ya foleni ya magunia. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nikasema mke wangu hajapandishwa, anaenda kuulizwa leo, anaweza kupata na anaweza kukosa, na kosa ni langu maana kibuyu kilitangulia.

Karani akaacha kupima. Jirani akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hivyo tuliimba bure?"

"Hapana. Mliimba mapema."

Aliwaangalia wenzake, wakaongea kidogo kwa sauti ya chini, kama wazee wa kesi. Kisha akageuka. "Basi ikae hivi. Wimbo haurudishwi. Akikosa, hakuna mtu atamuuliza kitu. Akipata, ameshaimbiwa."

"Na mursik je?" mwingine akauliza kutoka nyuma.

"Hiyo iko kwa tumbo yako, utairudisha aje? Na wewe, baba, sogeza gunia. Unatuchelewesha."

Jioni mke wangu alirudi kwa barabara kubwa, si kwa mashamba. Aliniambia mmoja wa jopo alimuuliza ni nini kinachomfanya aombe mara ya tatu. Alikuwa na jibu zuri la kitabuni, alilirudia wiki nzima akipiga pasi. Likapotea lote. Akajikuta anawaambia kwamba ameshanywea cheo hicho jana, na kwamba anaogopa njia ya kurudi nyumbani kuliko anavyowaogopa wao. Jopo likacheka. Mzee mmoja alivua miwani akaifuta.

"Walikuwa wanakucheka au wanacheka nawe?"

"Sikuweza kujua. Nafikiri nimeharibu." Alisema hivyo akila. Mimi nikasema chumvi imetosha.

Zikafuata wiki mbili ngumu. Majirani waliyashika makubaliano kupita kiasi. Hakuna aliyemuuliza lolote. Akipita njiani wanamsalimia, wanamweleza habari za kabeji, za bei ya ng'ombe soko la Ndanai, za mvua. Mke wangu alisema afadhali wangeuliza. Nilitaka kwenda kuwaambia waulize kidogo, lakini nikaona nimeshawaambia mengi mwaka huu.

Leo mchana, mawe yakiwa bado meupe uani, simu yake ikalia ule mlio wa barua pepe. Alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Kisha akanipa mimi, na Kiingereza kile kilikuwa kirefu kuliko mimi, lakini nilitafuta neno la kukataa kutoka juu mpaka chini na sikulipata.

"Umepata?"

"Nimepata."

Kogo alisema, "Si tulijua," akaendelea kuchambua mboga.

Mke wangu akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebadilisha gauni na kuchana nywele. Akaketi mlangoni, uso umeelekea lango, hajasema anangoja nini. Mimi nikavaa gambuti nikaenda kwa jirani.

"Amepata!" nikasema, hata kabla ya hodi.

"Alipata kitambo," akanijibu, akifagia maji barazani. "Mwambie Mwalimu hongera. Tutaonana kanisani."

"Hamtakuja?"

"Baba, si tulikubaliana kwa kituo? Na ni wewe ulisimama."

Nilikuwepo, nilisikia masharti, na sikuyapinga. Kama kuna mtu alidhulumiwa hapo, si mimi wa kumtetea.

Nilimpelekea mke wangu habari hizo mlangoni.

"Hata wimbo mmoja mdogo?"

"Hata mmoja."

Alicheka mpaka akajishika ubavu, lakini nilimwona akiangalia lango mara moja tena. Basi nikavua kofia nikaanza kuimba mwenyewe, ule ule wa kumpokea mshindi. Sauti yangu ni ya kuita ng'ombe. Nilifika ubeti wa pili nikasahau maneno, nikarudia wa kwanza. Kogo akaniomba niache kwa ajili ya mifugo. Mke wangu akasema niendelee, nikaendelea mpaka mwisho, yeye amesimama wima pale mlangoni kama watu wanavyosimama wakiimbiwa.

Usiku tumekula ugali, mboga ya managu, na maziwa ya leo leo, ambayo hayajalala popote.