Gari Isiyougua ya Mdosi wa Karen

Nikiwa mdogo kule Ukambani, mzee wa kanisa alinipiga konzi mbele ya washirika wote, ati nimesinzia. Aliyesinzia alikuwa mwanawe, na yeye mwenyewe mzee alimwona. Jumapili iliyofuata nilifunga mkono kwa gunia, nikachuma upupu, nikaupaka kwenye kiti chake. Ibada ilipofika katikati aliinuka akijikuna na kuruka huku akiimba, watu wakadhani ameshukiwa na Roho, wakampigia makofi. Sijutii. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini somo la kulipiza nililishika mapema.

Hayo yaliisha. Nilikuja Nairobi, nikabeba magunia Ngara, nikafunzwa lori na mtu wa kwetu, na uzeeni nikapata kazi ya kumwendesha mdosi mmoja, tajiri wa mtaa wa Karen. Chumba nilikodi Mutuini, kwa mwenye nyumba anayefuga nguruwe chini ya dirisha langu, lakini tuwaache nguruwe.

Mdosi alikuwa na gari ya kifahari, ya zile ambazo walinzi hufungua geti kabla ya kuuliza unaenda kwa nani. Kila Jumapili baada ya kanisa, wenye gari za aina hiyo walikutana mahali pa kuegesha pale kwenye maduka ya Karen, wakazipanga mstari, wakanywa kahawa na kuzisifu. Mmoja alisema kiti cha yake kimemponya mgongo. Mwingine, mfupi mwenye kitambi, alikiri yake imelala gereji miezi miwili, lakini haiuzi, kwa sababu akiwa ndani yake hata shemeji zake humwita mheshimiwa. Mdosi wangu alingoja wote wamalize, ndipo aseme yake haijawahi kuugua hata siku moja.

Ilikuwa inaugua. Mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulikuwa unavuja. Nilipomwambia alinijibu, "Gari kama hii haivuji, mzee. Labda ni wewe unavuja."

Basi nikawa naongeza maji kila asubuhi kabla hajatoka. Zile sifa alizokuwa akizimwaga pale zilikuwa jasho langu.

Kisha nikaenda kumzika dada yangu. Siku tatu tu. Mdosi akaendesha mwenyewe, ikamchemkia Ngong Road. Alikataa kuipeleka gereji, asije akaonekana huko na wenzake. Niliporudi aliniagiza niendelee kuijaza maji na nifunge mdomo. Kwa hivyo sasa alijua. Lakini Jumapili, mmoja wao aliposema aliiona ikifuka Ngong Road, akawaambia, mimi nimesimama hapo hapo, "Huyu mzee ndiye aliniharibia. Amezoea punda."

Wakacheka wote. Hata yule mfupi, ambaye wiki mbili kabla alikuwa amenishika mkono akitaka nimfundishe binti yake kuendesha, alicheka, kisha akaangalia kikombe chake. Dereva kama mimi hana shamba wala cheti. Ana jina tu, na langu lilichafuliwa pale.

Wiki hiyo niliongeza kidogo tu, isichemke kabla ya siku yake, na Jumapili asubuhi sikuongeza tone. Niliendesha polepole na kungoja. Tulipofika kwa wenzake, yule mfupi sasa alitaka kuinunua gari ya mdosi. Mdosi akawasha injini ili mwenzake aisikie. "Miaka mitano," akasema, "ukiacha ule uharibifu wa mzee, haijaniomba chochote."

Nikafungua buti. Mitungi minne ya maji ilikuwa humo, imefunikwa na blanketi. Niliiteremsha mmoja mmoja, nikaipanga mbele ya boneti.

"Mdosi," nikamwambia kwa heshima zote, "yale maji ya kila asubuhi leo sikuongeza. Niongeze sasa, wakiangalia?"

Hakuna aliyecheka. Mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, mwembamba kwanza, halafu mwingi. Mdosi alifungua mdomo, ukakaa wazi, na mimi niliutazama vizuri sana, kwa raha, mpaka nikatosheka.

Yule mfupi akaniita, "Mzee, ngoja kidogo."

Sikungoja. Alikuwa amecheka na wenzake. Nilipita getini, nikashika njia ya Mutuini kwa miguu, na Karen sijakanyaga tena.