Foleni Tatu za Zahanati ya Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo ya mpakani Tunduma, sikupewa dawa wala bendeji. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Dresa Mkuu, mkubwa wa wahudumu waliofunga vidonda na kutoa dawa, ambaye sote tulimwita Bwana Dresa, alinisimamisha mlangoni akanieleza kazi yangu: kugawa wagonjwa kwenye meza tatu, kila meza na dresa wake, na kumwambia kila mtu atangoja kiasi gani.

"Wakikuuliza, usiseme subiri kidogo," alisema. "Mtu ametoka mbali. Anataka kujua akae au arudi shambani."

Nilidhani ni kazi ya kuhesabu watu. Alinisahihisha siku hiyohiyo. Mgonjwa wa homa alimezeshwa kwinini akaondoka. Mwenye donda ndugu alikaa sana, maana bendeji ya zamani iliganda kwenye nyama, ikabidi ilowekwe kwanza kwa maji ya chumvi. Hivyo foleni ya watu wawili iliweza kuchelewa kuliko ya wanane. Tena madresa hawakulingana. Wa meza ya kwanza alikuwa mwepesi. Wa tatu alikuwa mgeni wa kazi, akirudia kila kitu. Nikazoea kutazama miguu ya watu, kama ina bendeji, kabla ya nyuso zao.

Asubuhi moja ya masika alifika baba mmoja wa Hasamba, amembeba binti yake mwenye homa. Nilimwelekeza meza ya kwanza, nyuma ya kundi la watu wa kwinini. Akatazama meza ya tatu, penye watu wawili tu.

"Mbona unaniweka kule nyuma? Kwa kuwa mimi si mtu wa hapa?"

"Hapana, baba. Wale wawili wana madonda. Kule utawahi."

"Macho ninayo," akasema, akaenda meza ya tatu.

Nilimfuata kumweleza tena, akanigeuzia mgongo. Kundi la kwinini likapungua, naye akiliona. Kisha mwili wa mtoto ukakakamaa, macho yakageuka. Yule baba akaja akanikabidhi mtoto. Nilikimbilia meza ya kwanza. Bibi mmoja ambaye zamu yake ilikuwa imefika alisogea kando, akasema, "Pita." Dresa akampoza mtoto kwa maji, akamchoma sindano. Baada ya muda mtoto akalia. Baba yake naye akalia, ameegemea ukuta.

Baadaye Bwana Dresa aliniambia, "Ulisema kweli, lakini hakuwa na sababu ya kukuamini."

Kesho yake akafuta zile foleni. Wote wakakaa benchi moja, na dresa aliyemaliza akamwita anayefuata. Hakuna aliyeshuku tena kwamba mwenzake amependelewa. Mimi nilibaki mlangoni, nikiwapitisha mbele waliozidiwa.

Baadaye nilihamishiwa Isansa, chini ya Mganga Msaidizi mmoja mkali, na huko nikazeekea kazini.

Siku hizi mgonjwa ni mimi. Juzi, hospitalini, nilimwuliza nesi kama nina nafasi ya kwenda kunywa chai. Alitazama benchi, akatazama milango ya madaktari.

"Kanywe, babu," akasema. "Ila usiongeze kikombe cha pili."

Nikanyanyuka nikaenda, bila wasiwasi wowote.