Steringi Aliyevaa Nyeusi

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya televisheni ya kichogo, sijui kama watoto wa siku hizi wanaijua. Televisheni zao ni nyembamba kama trei, hazipati moto wala hazinuki. Mwezi uliopita nilipeleka pasi kwa fundi mmoja pale Majengo, hapa Songea, kumbe kwenye kona alikuwa amewasha moja ya zamani anaijaribu, kichogo kimefunuliwa, na ile harufu ikanipiga usoni: vumbi la moto, plastiki, na risasi ya kulehemu. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, pasi bado iko mkononi. Nilijiona nina miaka kumi na miwili tena, na mdomo wangu umetoka kusema neno ambalo ningetoa chochote nilirudishe.

Niwasimulie ilivyokuwa.

Baba mdogo Kanuti, mdogo wake baba yangu, alikuwa fundi redio na televisheni hapo hapo Majengo. Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba chenye mabenchi matano, na Jumamosi mchana, tukishamaliza kufua na kuosha vyombo, watoto wa jirani tuliruhusiwa kwenda kuangalia sinema. Masharti yake yalikuwa mawili: miguu iwe imenawa, na ubishi ubaki nje. La kwanza tulilitimiza.

Tulipenda sinema za watu wenye nguvu za ajabu, wale wanaoruka angani na kusimamisha lori kwa kiganja. Kati ya masteringi hao tulikuwa na wetu mmoja. Jina lake la Kizungu lilitushinda ulimi, kwa hiyo tulimwita Njano, kwa sababu ya nguo yake ya njano iliyombana kuanzia shingoni hadi vidoleni, na joho jekundu mgongoni. Njano hakuchelewa hata siku moja. Daraja likikatika, yuko chini yake kalishika. Nyumba ikiungua, anatoka na mtoto kila kwapa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa anatutafsiria, kwa Kiswahili alichojitungia mwenyewe, na kila Njano alipotokea alimsemesha, "Msiogope, wazee, nimefika," hata pale tulipoona wazi kwamba Njano hajafungua mdomo.

Benchi la mbele tulikaa mimi na Zuhura. Tulikuwa darasa la sita. Alikuja Songea akiwa darasa la nne, kutoka Tunduru, akawa anaishi Mjimwema kwa shangazi yake, dada wa baba yake. Tulijua baba yake alifariki. Zaidi ya hapo hatukujua, na nyumbani kwetu mtoto aliyeuliza mtu kafa vipi alitumwa akachote maji. Zuhura alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na alimchora Njano vizuri kuliko yeyote shuleni. Daftari lake la sayansi, ukiligeuza nyuma, lilijaa Njano: anaruka, ametua, amebeba basi.

Ubishi ulianza na kava. Baba mdogo aliletewa sinema mpya kutoka Dar es Salaam, na kabla hajatuonyesha alibandika kava lake ukutani. Alikuwa Njano, lakini si Njano. Nguo ilikuwa nyeusi, ngumu kama gamba la mende, joho halipo, na uso umefunikwa nusu. Nyuma yake mvua ilikuwa inanyesha. Tulisimama mbele ya lile kava kama watu walioletewa maiti wasiyoitambua.

"Sasa tutamwitaje?" akauliza baba mdogo. "Nyeusi?"

Kuanzia siku hiyo tukagawanyika. Mimi nilikuwa wa Nyeusi, tena kinara. Kaka zangu waliokuwa sekondari walikuwa wamenifundisha maneno, nami nikayatumia yote. Nilisema mtu mzima hawezi kupigana na majambazi amevaa kama kifaranga. Nilisema sinema za zamani ni za kitoto, kila mtu anaokolewa, hakuna damu, hakuna anayelia. Nilisema hii mpya ina uhalisia. Neno hilo nililipenda mno. Nililisema njiani, nililisema kwenye foleni ya uji, nililisema kanisani kwenye mafundisho mpaka katekista akaniuliza namaanisha nini, nikashindwa kumjibu.

Zuhura alikuwa wa Njano, na hakuwa na maneno mengi. Alirudia lile lile. "Nguo nyeusi haifai. Mtu akija kukuokoa lazima umtambue."

"Atambulike ili iweje?" nikamwambia siku moja darasani. "Adui amwone ampige risasi?"

Watoto wakacheka. Zuhura akainama akaendelea kuchora. Nikalivuta daftari lake, nikachukua kalamu yangu ya wino mweusi, nikampaka Njano wake mzima, nguo, joho na uso, mpaka karatasi ikatoboka. Nikamrudishia. "Haya, sasa ndiyo mwanamume." Zuhura aliliangalia daftari muda mrefu, akalifunga, akaliweka kwenye mfuko. Hakumwambia mwalimu. Mimi nilidhani nimeshinda.

Jumamosi ya sinema yenyewe, chumba kilijaa hadi mlangoni. Ilikuwa nyeusi kweli. Kwenye ile televisheni tuliona vivuli tu, na baba mdogo aliongeza mwanga mpaka sura zikawa kama za majivu. Hata kutafsiri kulimshinda, maana huyu mpya hakusema kitu, alinguruma tu. Kisha ikafika sehemu ya handaki. Watu wanapita chini ya ardhi, mlima unaporomoka, wanafukiwa. Steringi anafika, lakini amechelewa. Anachimba kwa mikono, peke yake, kwenye mvua, na anawatoa mmoja mmoja, na hakuna aliye hai. Wote wamepakwa tope kuanzia nywele hadi miguu.

Benchi lilikuwa linatetemeka. Nilidhani Zuhura anacheka, nikamgeukia nikiwa tayari kumkemea. Hakuwa anacheka. Alikuwa ametoa macho, mikono ameibana katikati ya magoti, na meno yanagongana kana kwamba tumekaa nje asubuhi ya mwezi wa saba. Akasimama, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoka. Nami nikabaki. Naomba mlijue hilo. Nilibaki nikaangalia mpaka mwisho.

Tulipotoka jua lilikuwa kali, tukasimama barazani tukifikicha macho. Zuhura alikuwa amekaa kwenye ngazi. Watoto wote walikuwepo, na baba mdogo alikuwa mlangoni anafuta mikono kwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimejaa ushindi.

"Umekimbia," nikamwambia. "Kwa sababu huu ndio uhalisia. Watu wakifukiwa hawatoki. Hakuna mtu wa njano anayekuja."

Zuhura akaniangalia. Hakukasirika, na sauti yake haikupanda.

"Baba yangu alitoka," akasema. "Siku ya tatu."

Akavuta sketi ikafunika magoti, akaendelea.

"Shimo la mawe ya vito lilimwangukia. Walikuwa saba. Mama alinibeba, tukakaa pale juu. Walikuwa wanawatoa kwa kamba, na waliokuwa wanachimba nao wanatoka kupumzika, na wote ni tope, wote rangi moja. Kila anayetoka nasema huyu ndiye baba. Mmoja nilimkimbilia nikamshika mguu. Nikamwita baba, nikamwita baba. Akaniambia, mwanangu, mimi siye. Akanitoa mikono. Halafu wakamtoa baba, na mimi sikumjua. Nikasema siye."

Akasimama, akakung'uta sketi, akaenda zake kuelekea Mjimwema. Baba mdogo alidondosha kile kitambaa na hakukiokota. Nakumbuka nilitazama miguu yangu, iliyonawa vizuri kwa ajili ya sinema, nikashangaa ni ya nani.

Mama alipata habari kabla sijafika nyumbani. Hakunichapa. Hilo lilinitisha kuliko fimbo. Kesho yake, baada ya misa, aliniambia nisivue nguo za kanisani, akafunga unga na kuku mmoja, tukaenda Mjimwema.

Shangazi yake Zuhura, tuliyemwita Mama Hamisi, alikuwa uani anabangua korosho alizoletewa kutoka kwao. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Zuhura alikuwa kisimani. Mama akaanza kueleza kwamba mtoto wake amekosa adabu, amemwumiza mwenzake kwa maneno. Mama Hamisi alimsikiliza kwa upole, lakini niliona haelewi.

"Maneno gani?" akauliza.

"Kuhusu marehemu," mama akasema. "Kuhusu shimo."

Jiwe la kubangulia likasimama hewani. "Zuhura amezungumzia shimo?"

Mama akaniangalia. Mama Hamisi naye akaniangalia, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyesikia mlango unafunguliwa kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Huyu mtoto tangu aje kwangu hajataja shimo hata siku moja," akasema. "Mama yake alituambia mtoto alikuwa amelala mgongoni, hakuona kitu. Tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Hata jina la kaka yangu tumekuwa hatulitaji mbele yake, tusimkumbushe." Akaweka jiwe chini. "Njoo hapa, mwanangu. Amesemaje? Nisimulie yote, usiruke neno."

Nikasimulia. Nimewahi kuzungumza mbele ya watu wengi tangu wakati ule, lakini sijawahi kusema kitu kizito kama kile nilichosema uani pale, nimevaa gauni la kanisani. Nilipofika kwenye "mimi siye," Mama Hamisi akajifunika uso kwa khanga. Mama akanishika bega, akanibana kwa nguvu ili niendelee. Nikaendelea. Na nilipofika kwenye yale maneno yangu, ya kwamba watu wakifukiwa hawatoki, sikuyaruka.

Zuhura akarudi na ndoo kichwani. Mama Hamisi akainuka, akamtua ndoo, akamwita kwa jina la marehemu baba yake, kama wanavyofanya watu wa kule wanapombembeleza mtoto wa ndugu yao. Wakashikana pale pale, maji yamewamwagikia. Mama akanivuta tukaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata shuleni nilimwambia naomba msamaha, nikampa daftari jipya na penseli za rangi za kaka yangu. Akapokea. Nikamwambia amchore Njano tena. Akasema amechoka kumchora, na kweli hakumchora tena. Alianza kuchora watu wengine, wakulima, mama ntilie, mwalimu wetu wa hesabu na tumbo lake. Urafiki haukufa, lakini ulikaa muda mrefu kama mtu aliyetoka hospitali, unatembea taratibu.

Sasa Zuhura ni mwalimu huko Tunduru. Mwaka jana alikuja Songea kwenye semina, akalala kwangu. Mchana wa Jumapili wanangu walikuwa sebuleni wanagombana na wenzao kuhusu nguo za masteringi wa siku hizi, nyeusi na zisizo nyeusi, kwa maneno yale yale niliyoyatumia mimi, hata "uhalisia" limo. Mmoja akaitafuta ile sinema yetu kwenye simu ili awaonyeshe wengine. Ilipokaribia handaki nikanyoosha mkono niizime. Zuhura akanizuia.

"Acha niione," akasema. "Sijawahi kuimaliza."

Akaitazama yote, ameegemeza shavu kwenye kiganja. Yule steringi mweusi akachimba na mvua yake, peke yake.

"Hapa wamekosea," Zuhura akasema, kwa sauti yake ile ndogo. "Hakuna anayechimba peke yake, Sabina. Kwetu walikuja watu wote. Mashimo mengine yote yalifungwa. Hata tajiri wa mawe alivua viatu akaingia. Wanawake walikuwa wanapika uji pale juu, siku tatu, na hakuna aliyelala. Yule niliyemshika mguu, mimi hata jina simjui. Alikunywa maji, akarudi chini."

Wanangu walikuwa wameiacha simu, wanamtazama.

Mimi niliyejiona najua uhalisia nilijua nusu tu yake, ile nusu ambayo mtu yeyote anaweza kuijua bila kuondoka kwenye benchi: kwamba watu hufa. Zuhura alikuwa ameijua nyingine, kwamba watu huja, tangu ana miaka mitano. Alikuwa amekaa nayo pembeni yangu kila Jumamosi, na mimi sikumwuliza.