Nilimpeleka Mwenyewe kwa Chifu

Mimi ni mtu wa mdomo, nakubali. Miaka yote niliyoshona nguo hapa Majengo, jirani akija na shida, kabla hajamaliza kuieleza nishampa dawa. Na dawa yetu ni moja tu: nenda kwa chifu akuandikie barua. Umepoteza kitambulisho, mume kakutoroka, unataka kuzika, barua ya chifu.

Basi jirani yangu Mrundi, muuza njugu, aliponiambia shule imemkataa binti yake kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, wala sikuwaza. Mtoto alizaliwa humuhumu kwenye ploti tunayopanga, mikononi mwangu.

"Twende kwa chifu," nikamwambia.

Akasita. "Dada, mimi sina makaratasi."

Nikamcheka. "Wacha uoga! Chifu ni mtu wetu. Nguo za mkewe nashona mimi."

Chifu alitusikiliza vizuri, kisha akaomba kitambulisho cha mama. Mwenzangu, mtu asiyejua uongo, akasema alivuka mpaka kwa miguu na hakupigiwa muhuri popote. Chifu akanitazama kwa huruma. Akasema sheria inambana hata yeye, akapiga simu. Askari walitukuta bado tumekaa kwenye benchi.

Kortini, aliposomewa shtaka la kuingia nchini bila kibali, mwenzangu hakubisha. "Ni kweli, mheshimiwa." Miezi mitatu gerezani, kisha arudishwe kwao. Nilisimama kusema kosa ni langu, karani akaniamuru niketi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini kichwa kilichoponzeka hakikuwa changu. Haki ya Mungu, nililia mbele za watu.

Binti, miaka sita, akabaki kwangu. Shule ikazidi kudai cheti, nikarudi kwa chifu nimefura. Akasema barua ataandika, mradi mama wa mtoto awe na kitambulisho. "Wewe unacho," akaongeza polepole.

Nilitoka bila kuaga.

Baada ya kurudishwa kwao, mwenzangu alinipigia simu. Nikamweleza yote. 

"Dada, ukiandika jina lako, ataingia shule?"

"Ataingia."

"Basi andika."

Nililiandika jina langu kwenye nafasi ya mama, binti kasimama ubavuni mwangu, akiniuliza kama hiyo fomu ndiyo itakayomrudisha mamake.