Bafta ya Mzee Mbuthia

"Nimempa pole maiti mwenyewe," Bi Waridi alisema, "na ndiye aliyenionyesha njia ya kuja kwako. Nimemkuta langoni anatafuna hindi la kuchoma. Namwambia natafuta matanga ya Mzee Mbuthia, ananijibu Mbuthia ni yeye, na kama ana matanga angependa kujua yanaanza saa ngapi."

Nyuma yangu, kwenye kamba ya nguo, mizuka kumi na miwili niliyotengeneza kwa bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, ilikuwa inakauka, macho meusi, midomo wazi.

"Hii ndiyo sanda niliyokupa?"

"Bi Waridi, keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Nilikuja kuhani msiba." Akaweka chini mfuko wa sukari na unga aliobeba kutoka Ngara mpaka hapa kwetu Waithaka. "Miaka kumi na minne unanunua uzi kwangu, Mama Kui. Ungesema huna pesa ningekukatia. Kwa nini ukaua mtu?"

Mzee Mbuthia, ambaye ni jirani yangu, alikuwa amemfuata ili asikie habari zake. Akakohoa. "Hata mimi nataka kujua. Nimekufa na nini?"

"Presha," nikasema, kwa maana ndivyo nilivyomwambia Bi Waridi.

"Hiyo sina. Mimi nina goti tu."

Hakuna aliyecheka. Bi Waridi alimsogezea mzee ule mfuko. "Chukua, baba. Uishi sana." Akajifunga mtandio akaenda, na mimi nikabaki na kamba yangu.

Wacha niwaambie huyu mama ni nani, mjue nilimkosea nani.

Waridi alizaliwa Mombasa, Kibokoni, akaletwa Nairobi na mume wake, Idarus, aliyekuwa karani wa bohari mjini. Walikuwa na chumba kimoja Ngara. Mwaka wa tatu, Jumatatu asubuhi, Idarus alianguka akivaa viatu, hakuinuka. Ndugu wote wako Pwani, mtoto yuko mgongoni, pesa hakuna. Akashuka ngazi kutafuta sanda kwa watu asiowajua. Muuza nguo mmoja, Abdulfatah, alimkatia vipande vyote, akakataa kuandika deni. Alimwambia tu kwamba siku moja na yeye atamkatia mwingine.

Baadaye alimpa kazi ya kuuza vifungo. Leo Waridi ana kibanda chake, upana wa kitanda: uzi, zipu, bitana, mpira wa kiuno. Na ana ulimi, huyo. Ukimuuliza bei mara mbili anakuambia ukafikirie nje, usimzibie hewa. Sindano moja ukiondoka nayo kwa bahati mbaya atakufuata mpaka stendi. Lakini rafu ya juu kabisa kuna jora la bafta limefungwa gazeti, na hilo haliuzwi. Ni la aliyefiwa na hana kitu. Muislamu, Mkristo, hata yule asiyejulikana alikuwa nani. Nimemwona akilishusha mara sita au saba, na kila mara hukata bila kuongea.

Kwa hivyo msiniambie sikujua.

Katikati ya Oktoba alinipigia Anita, mama mmoja wa Hurlingham ninayemshonea mapazia. Watoto wake walitaka ile sherehe ya Halloween, ya kutishana, na mapambo ya dukani yalikuwa bei ya kutisha kweli. Ameona watu wanajitengenezea nyumbani: mizuka ya kitambaa, popo wa karatasi, utando wa buibui. Akanipa pesa kwa jumla, akasema itakayobaki ni yangu. Hapo ndipo shetani aliponikuta. Kitambaa kikiwa rahisi, changu kinaongezeka.

Nikaenda Ngara, nikaomba bafta mita tisa, ile hafifu kabisa. Bi Waridi aliacha kuhesabu zipu. "Mmefiwa, mwenzangu?"

Nikaona mkono wake unapanda rafu ya juu. Neno moja tu la "hapana" lilikuwa linatakiwa. Mimi nikainamisha kichwa. Aliponiuliza nani, nikataja jina la kwanza lililokuja, la mtu niliyemsalimia asubuhi hiyo akinyoa ua. Ni ya kutandika jeneza, nikasema. Akakata, akakunja vizuri, akanishika bega. Wiki nzima alikuwa anapiga simu kuuliza kama mjane anakula. Mke wa Mbuthia anakula kunishinda mimi.

Mizuka nilitengeneza hivi: unajaza gazeti la zamani kichwani, unafunga shingo na uzi, unachora macho na makaa yaliyosagwa, umeyachanganya na uji wa unga yashike. Kazi rahisi. Lakini kila shingo niliyofunga niliangalia pembeni.

Bi Waridi alipoondoka siku ile ya kuhani, nilishusha mizuka yote. Nikaifua, makaa hayakutoka. Nikaikunja na madoa yake, nikaiweka chini ya kitanda, na nikaanza kazi upya. Popo nikakata kwa trei za mayai, nikawapaka masizi. Utando nikasokota kwa katani. Mizuka nikaishona kwa bitana kuukuu ya mapazia ya Anita mwenyewe. Watoto walipiga mayowe mpaka wakaridhika. Anita akanikatia keki, nikakataa, nikasingizia tumbo linauma.

Pesa yangu yote ya ile kazi nikanunulia bafta mpya, mita tisa, nzito, nikampelekea Bi Waridi.

Hakuigusa. "Sikukuuzia, sikukukopesha. Nilimpa maiti. Wewe ni mzima, nitapokeaje kwako?"

"Basi nifanye nini?"

"Sijui. Sogea, mteja anataka kupita."

Nikarudi nayo. Uzi nikawa nanunua kwa watu wengine, uzi mbovu unaokatika kwenye cherehani, na nikasema nastahili. Mzee Mbuthia akinipita alikuwa anauliza kama leo niko sawa au namzika tena. Nilimwomba msamaha, akanipa, akaendelea kuuliza.

Mwisho wa Novemba, saa moja asubuhi, simu ikaita.

"Shahida wa orofa ya nne hapa kwetu amefariki," Bi Waridi alisema. "Mama mzee, hana mtu hapa. Jora langu limebaki kipande, na mwenye duka la jumla hajafungua. Ile bafta unayo, au umeivika mizuka?"

"Ninayo."

"Ilete."

Nilifika na jasho. Tuliikunjua juu ya mkeka chumbani kwa marehemu, wanawake wa kuosha wakiwa ng'ambo ya pazia. Sanda ya mwanamke Muislamu ni vipande vitano. Bi Waridi alipima, mimi nikashika upande wa pili nikiuvuta unyooke. Alikata kimya kimya. Kipande cha mwisho kilipokwisha akakaa chini, akasugua kidole kilichoumizwa na mkasi.

"Hiyo imefika kwa mwenyewe," alisema. "Sikudai kitu tena, Mama Kui. Zipu ndefu zimeingia jana. Njoo Alhamisi, na usinisumbue na bei."

Nikasema nitakuja.