Kurasa Alizoziruka Norberto

Katika kiwanda chetu cha sigara nene, hapa Pinar del Río, sisi tunasokota tumbaku na Norberto anatusomea riwaya kutoka jukwaani. Kitabu tunakichagua kwa kura. Kikitupendeza tunagonga visu mezani. Kikituchefua tunavitupa sakafuni.

Eduvina huketi kushoto kwangu. Alipomzika mwanawe Yoandri hakutoa chozi. Tena alirudi kutoka makaburini, akaketi jikoni, akala wali na maharage aliyobakiza marehemu. Majirani walimwona. Tangu hapo akina Caridad wa humu kiwandani, ambao midomo yao haina likizo, wakawa wanamwita moyo wa jiwe. Yeye alisokota tu.

Ulipofika wakati wa kuchagua kitabu kipya, tulikipigia kura kile cha mapenzi na vichekesho, tukakiacha cha mama aliyefiwa na mwanawe, kwa kumwonea Eduvina huruma. Yeye akatupa kisu sakafuni kabla hata kitabu hakijafunguliwa.

"Mnaniogopea nini? Someni kile cha mama aliyefiwa."

Kikasomwa hicho alichotaka. Kilikuwa giza tupu: homa, sanda, nyumba isiyofunguliwa madirisha. Mimi nilikichukia. Eduvina alisikiliza na uso wake mkavu, mikono ikienda.

Norberto alipofika kwenye mazishi akafunua kurasa kadhaa kwa mpigo, akaendelea na harusi ya binamu.

"Norberto, umeruka," alisema Eduvina.

"Sijaruka, dada yangu."

"Jana maiti yuko sebuleni, leo watu wanakata viuno? Rudi nyuma!"

"Jamani, Eduvina, ni kwa ajili yako..."

"Basi kwa ajili yangu, soma."

Akasoma, sauti ikimpungua. Yule mama alirudi kutoka makaburini, akakuta mezani nusu ya mkate wa mwanawe, wenye alama za meno. Akaula wote. Haukuwa na ladha. Kisha akaosha sahani.

Caridad aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, niliiona mikono ya Eduvina imesimama. Nikangoja kilio, na wallahi nilikitamani, lakini hakulia.

"Na mimi sikusikia ladha," alisema, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. "Hata chumvi sikuisikia."

Akachukua kisu, akagonga meza mara moja. Hakuna aliyemfuata, hatukujua mikono yetu tuiweke wapi.

"Endelea," akamwambia Norberto, akasogeza mbele yake jani jingine la tumbaku.