Kiangazi Tulichomnyima Meneja Chakula

Majuzi nilitoka Houston kwenda Mansfield kwenye harusi ya binamu yangu, na badala ya kwenda moja kwa moja ukumbini nikakata kona makusudi kuingia Haltom City. Nilitaka kuziona zile apatimenti tulizokulia. Bado zipo. Jina wamelibadilisha na geti wameweka, kwa hiyo niliegesha gari ng'ambo ya barabara nikazitazama kama mtu anayemtazama adui yake wa zamani aliyezeeka. Nakwambia kweli, rafiki yangu, moyo haukulainika hata kidogo.

Nilikuwa darasa la nne. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa ameletwa kutoka Mombasa anilee wakati mama yuko kazini hospitalini. Shule zikifungwa, jua la Texas lilikuwa linakaa utosini, na kipoza hewa chetu kilikuwa kinanguruma bure tu bila kupoza kitu. Basi tukaishi nje. Katikati ya majengo palikuwa na uwanja mdogo wa saruji, na bibi akaugeuza kuwa ua wake. Kwenye ngazi alipanga ndoo za plastiki, humo akaotesha bamia, mchicha na pilipili. Bamia za kule zilikua kana kwamba zimekasirishwa: unachuma asubuhi, jioni nyingine zimetoka.

Alasiri bibi aliwasha jiko la makaa, akateleka karai lake. Karai lile alipewa na mama yake mzazi, akalibeba kwenye sanduku limefungwa leso kama mtoto mchanga. Alikaanga viazi karai, manjano inang'aa juu yake, na mafuta yakianza kuchachatika watoto tulitoka kila mlango. Jirani yetu wa juu, mama mmoja wa Kongo, alishuka na sombe, kile kisamvu cha kwao, alichokitwanga mwenyewe. Majirani wengine walileta walichonacho. Bibi alisema chakula cha kula peke yako hakina chumvi hata ukikitia.

Mwalimu wa sanaa wa maktaba ya pale karibu alipita siku moja, akala, akarudi na makopo ya rangi. Kwa wiki kadhaa tulichora ukuta mzima wa uwanja: bibi amechutama mbele ya karai, mama wa Kongo na beseni lake, sisi watoto tumeshikana mikono. Mimi ndiye niliyepaka leso ya bibi, nyekundu na nyeupe.

Meneja wa apatimenti alipenda sana chakula na michoro ile. Alikuja kila Ijumaa na shati lake lililopigwa pasi, akala akiwa amesimama, akapiga picha, akamsifu bibi huku mdomo umejaa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

Kisha siku moja mimi na bibi tulikwenda sokoni na mama. Tuliporudi ukuta ulikuwa na rangi ya uji. Ndoo zote zilikuwa zimepinduliwa, udongo umefagiliwa. Jiko na karai vilikuwa vimetupwa pipani, mama wa Kongo aliona, na taka zilikuwa zimeshachukuliwa na gari. Meneja akaniita nimwambie bibi kwamba mwenye nyumba anakuja kukagua, na kwamba ni kwa usalama wetu.

Nikamtafsiria bibi maneno yale kwa adabu zote. Bibi aliingia ndani, akaketi kitandani, na mikono yake ikawa haina kazi.

Haikupita wiki, meneja akabisha mlango akitabasamu. Kumbe mwenye nyumba alikuwa amezipata zile picha ambazo meneja mwenyewe alimpelekea, akazipenda, na sasa alitaka kuja kula chakula kile pamoja na wageni wake. Je, bibi angepika?

"Mwambie nitapika," bibi akasema. Nikamwambia. Meneja akashukuru akaenda zake. Bibi akafunga mlango. "Nimesema nitapika. Sikusema nitampikia yeye."

Siku ilipofika, Jumamosi, uwanja ulipangwa meza zenye vitambaa vyeupe. Meneja alivaa tai, jasho linamtiririka. Nyumba zote zilinukia nazi na vitunguu. Mwenye nyumba akafika, mama wa Kizungu mwenye umri mkubwa, kofia ya ukindu kichwani, na wageni wake wakaketi. Hapo milango ikafunguliwa. Bibi akatangulia na sufuria, nyuma yake mama wa Kongo, nyuma yao majirani wote na sisi watoto na mikeka. Tukapita katikati ya zile meza bila kusimama, tukavuka barabara, tukatandika kwenye bustani ya jiji upande wa pili.

Mwenye nyumba alitufuata. Akauliza kuna nini, na ile picha ya ukutani iko wapi.

"Mwambie karibu, akae, ale," bibi akaniambia. "Mgeni hana kosa. Kisha mwambie, mtu wake amekula kwangu kiangazi kizima. Halafu akalitupa karai la mama yangu kwenye taka, na uso wangu akaupaka rangi. Usipunguze neno."

Sikupunguza. Nililitoa kila neno polepole, kwa sauti, ili wageni nao wasikie.

Meneja akaja mbio, akacheka, akasema mtoto hakuelewa. Mama wa Kongo akasimama. "Nani hakuelewa? Miye niliona na macho yangu!" Nikayatafsiri na hayo, kwa furaha.

Meneja akanyoosha mkono kuchukua sahani. Bibi akaifunika sufuria. Wote tulikula, wageni walikula, na yule bwana alibaki amesimama juani, hakuna aliyemsogezea mkeka.

Kabla shule hazijafunguliwa, meneja alikwishaondolewa kazini. Mama alisema tumwonee huruma, ana familia. Bibi akajibu, "Nitamwonea nikilipata karai langu." Hakulipata. Mwenye nyumba aliahidi ukuta uchorwe upya, lakini mwalimu wa sanaa alikuwa amehamia kwingine, na rangi ya uji ikabaki.

Bibi sasa yuko kaburini. Mama wa Kongo alihamia Mesquite; wengine sijui waliko. Huku Houston kiangazi kina sherehe za kila aina, lakini jioni kila familia inachoma nyama yake nyuma ya uzio wake, na ukidhulumiwa unalia na mumeo tu.

Nilipomsimulia binti yangu, aliniuliza kwa Kiingereza chake kama yule meneja aliwahi kuomba msamaha.

"Hakuomba," nikamwambia. "Akija leo mlangoni na kiu nitampa maji, maana nililelewa. Chakula hapati."